Marapa Wanapojibizana kwa Nyimbo: Kijembe, Dai na Kitisho Si Kitu Kimoja

Marapa wawili wakianza kurushiana nyimbo, maskani za Malindi huwaka moto kabla wimbo wenyewe haujasikilizwa wote. Kipande cha nusu dakika kimewekwa kwenye status ya WhatsApp, kimeruka simu hadi simu, na kufikia jioni tayari kuna kambi tatu. Ya kwanza yasema hawa watauana. Ya pili yasema ni kiki tupu, usiku wanakula sahani moja. Ya tatu imeshahesabu watazamaji wa YouTube na mshindi imemtangaza. Ukivuka ukafika Lamu, kwenye baraza za Langoni na Mkomani utakuta kambi ya nne, ya wazee: matusi haya vijana wameyatoa wapi, sisi hatukuwa na mambo haya.

Kambi zote nne zina kosa moja. Zinausikiliza wimbo wa dis kama taarifa ya habari ya saa moja jioni, ilhali ni ushairi wa kujibizana, wenye kanuni zake. Ndani yake mna vitu vitatu vilivyokorogwa kwa makusudi: kijembe, dai na kitisho. Kijembe ni maoni yenye makali: "huna sauti, huna mashabiki, mavazi yako ya kuazima." Dai ni jambo linaloweza kuchunguzwa likaonekana ni kweli au uongo: "uliiba pesa za shoo ya Idi." Kitisho ni ahadi ya kumdhuru mtu. Rapa hodari huvipanga vitatu hivi kwenye mstari mmoja ili msikilizaji asipate nafasi ya kuvitenga. Kazi ya msikilizaji ni kuvitenga.

Maneno yenyewe kwanza

Kudis ni kumshusha mtu kwa maneno, na wimbo wa dis ni wimbo uliotungwa kwa kazi hiyo. Bifu ni ugomvi wenyewe. Linaweza kuwepo hata bila wimbo, na wimbo wa dis unaweza kutoka pasipo bifu la kweli. Beto ni mashindano ya ana kwa ana, watu wamezunguka, kila mmoja anapewa zamu, na mshindi anajulikana papo hapo kwa kelele za waliohudhuria. Ukitaka mfano wa mpira, beto ni fainali ya siku moja uwanjani Alaskan, na bifu la nyimbo ni ligi: mechi hii umefungwa, ijayo wafunga, na jedwali halisomwi siku ya kwanza. Kiki ni ugomvi wa kupikwa ili watu wazungumze kabla albamu au shoo haijatoka.

Kiki na bifu la kweli hutofautishwa vipi? Dalili bora ni gharama. Anayefanya kiki hapotezi kitu: kolabo zake ziko pale pale, shoo zake ziko pale pale, na ugomvi unaisha wiki ile ile ambayo bidhaa inaingia sokoni. Kwenye bifu la kweli watu huvunja mikataba, prodyuza hulazimika kuchagua upande, na nyimbo huendelea kutoka hata baada ya faida kwisha.

Wazee wa Lamu, hili ni lenu

Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa zikitazamana kwa jicho baya, Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga beti za kuwachokoza Walamu, na washairi wa Lamu wakamjibu. Mzozo ule ulifika hadi vita vya Shela, ambako Lamu iliwashinda Wamombasa pamoja na washirika wao wa Pate. Beti hazikuuleta ule ugomvi, ugomvi ulikuwa wa utawala na biashara. Ila beti ndizo zilizobaki vichwani mwa watu.

Karibu zaidi na sisi, katikati ya miaka ya 1970, kinyang'anyiro cha ubunge Lamu kilipiganwa kwa mashairi yaliyorekodiwa kwenye kaseti. Ndiyo yanayokumbukwa kwa jina la Kimwondo, na Ustadh Mahmoud Mau, mshairi wa Lamu, alikuwa miongoni mwa waliotunga. Kaseti ya upande mmoja inatoka, inachezwa nyumba kwa nyumba, upande wa pili unajibu kwa kaseti yake. Weka YouTube mahali pa kaseti na umepata bifu la marapa, tena kamili. Sijagusa mipasho ya taarab wala vugo la kina mama harusini, ambako mtu huambiwa yote bila jina lake kutajwa hata mara moja.

Kwa hiyo kusema kwamba vijana wameiga Marekani ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba huko nako sanaa hii ilianzia majibizano ya mtaani. Mwaka 1981, katika ukumbi wa Harlem World, New York, rapa Kool Moe Dee alimkabili mwenzake Busy Bee jukwaani. Hilo lilikuwa beto. Mwaka 1984 kundi la UTFO lilitoa wimbo kuhusu msichana aitwaye Roxanne, na binti wa miaka 14, Roxanne Shanté, akatoa wimbo wa kuwajibu. Baada yake yakamiminika majibu kutoka kwa watu chungu nzima. Kilichotoka nje ni biti, yaani mdundo anaorapia mtu, na namna ya kuikalia. Kujibizana kwenyewe tulikuwa nako.

Jibu linavyotengenezwa

Chukua mfano huu wa kubuni. Rapa wa Malindi anamwambia mwenzake:

*Wajiita nahodha, nanga hujawahi kung'oa,*
*Boti ya kwenye video, kwa saa umeikomboa.*

Kijembe kimo humo, na dai pia: boti si yake, ameikodi. Mpinzani ana njia mbili. Ya kwanza ni kukana: "boti ni yangu, karatasi ninazo." Hiyo ni njia mbovu, kwa sababu sasa mazungumzo yote ni kuhusu karatasi za boti na yeye amegeuka mshtakiwa. Ya pili ni hii:

*Kweli nilikomboa boti, pesa mfukoni nikatoa;*
*Wewe hata ya kuazima, wimbi dogo lakung'oa.*

Tazama alivyofanya. Amekubali shtaka, likafa pale pale. Ameshika kina kile kile cha -oa, kuonyesha kwamba uwanja wa mwenzake anaumudu. Kisha amechukua neno lililofungia mstari wa kwanza, kung'oa, akalirudisha kwa mwenyewe: si nanga inayong'olewa tena, ni yeye. Wasikilizaji wanaojua kujibizana hushangilia hapo, hata kama hawajui nani mwenye boti. Ndiyo sababu ni kosa kuuchukua mstari wa wimbo kama ushahidi. Mara nyingi neno limechaguliwa kwa sababu ya kina na jibu litakalokuja, na ukweli ukafuata nyuma.

Hesabu nayo ina neno. Mstari mmoja wa rap hukaa juu ya mapigo manne ya biti, na ubeti wa kawaida una mistari 16. (Ushairi wetu wa arudhi nao una mizani 16 kwa mshororo, na watu huzichanganya. Namba ni moja, kinachohesabiwa si kimoja: kwenye shairi ni silabi, kwenye rap ni pigo, na silabi unaweza kuzibana au kuzinyoosha.) Kwenye biti ya mapigo 90 kwa dakika, ubeti wa mistari 16 unamalizika kwa sekunde 43 hivi. Wimbo wenye utangulizi wa mistari 4, beti mbili na kiitikio cha mistari 8 kinachoimbwa mara mbili una mistari 52, yaani dakika 2 na sekunde 19. Ndani yake, beti zenyewe ni sekunde 85 tu.

Sekunde 85 hazitoshi kujibu tuhuma kumi. Tuhuma moja ikijibiwa vizuri inakula mistari minne: miwili ya kuikumbusha, mmoja wa kuigeuza, mmoja wa kupiga. Vijana wengi wanaorekodi jibu lao la kwanza hukwama hapa. Wanataka kujibu kila neno, wimbo unakuwa barua ya malalamiko, na hakuna mstari hata mmoja ambao mtu ataukumbuka akiwa kwenye tuktuk. Chagua tuhuma mbili, nyingine ziache zipite. Kosa jingine ni kuujaza ubeti majina ya watu na mambo ambayo ni marafiki wa studio pekee wanaoyajua. Kama mtu wa Mtwapa hawezi kuelewa kijembe bila kupigiwa simu, kijembe hicho hakina makali.

Bifu la 2024, hatua kwa hatua

Bifu lililowachanganya watu wengi zaidi miaka hii ni la marapa Kendrick Lamar wa Marekani na Drake wa Kanada, na kulifuata kwa tarehe kunasaidia. Oktoba 2023 Drake na rapa mwenzake J. Cole walitoa "First Person Shooter", ambamo Cole alijiweka yeye, Drake na Kendrick kuwa watatu wakubwa. Tarehe 22 Machi 2024 Kendrick alilikataa kundi hilo kwenye "Like That": hakuna watatu, yuko yeye peke yake. Cole alijibu Aprili 5, na Aprili 7 akasimama jukwaani kwake akaomba radhi, kisha akauondoa wimbo wake. Wengi walimcheka. Mimi naona alikuwa amesoma upepo kuliko wote: bifu lina mlango wa kutokea mwanzoni, na mlango huo hufungwa haraka.

Aprili 19 Drake alitoa "Push Ups" na "Taylor Made Freestyle". Huo wa pili ulitumia sauti za marapa Tupac, aliyekwisha kufa, na Snoop Dogg, zilizotengenezwa kwa kompyuta. Wasimamizi wa mali ya Tupac walitishia kwenda mahakamani, na Drake akauondoa. Aprili 30 Kendrick akatoa "Euphoria", na Mei 3 "6:16 in LA". Usiku wa Mei 3 Drake akatoa "Family Matters" pamoja na video yake, na kabla ya saa moja kwisha Kendrick akajibu kwa "Meet the Grahams". Mei 4 Kendrick akaongeza "Not Like Us". Mei 5 Drake akatoa "The Heart Part 6".

Watu huuliza: mtu anaandikaje, anarekodi, anapiga miksi na kupandisha wimbo wa dakika sita ndani ya saa moja? Haandiki. Nyimbo kama hizo huwa zimeshaiva na zimewekwa akiba, zinangoja mwenzake afungue mdomo. Ni kama mvuvi anayetega kabla maji hayajatoka: kasi unayoiona ni ya kuvuta nyavu, kazi ilifanyika mapema. Nguvu ya "Meet the Grahams" ilikuwa ya saa. Iliwanyima watu nafasi ya kukaa na wimbo wa Drake hata usiku mmoja. Na "The Heart Part 6" iliumia kwa kosa lile lile la karatasi za boti: Drake aliutumia muda wake mwingi kukana.

Video ya "Not Like Us" ilitoka Julai 4, 2024, na hapa kwetu ndipo lilipozuka gumzo la bundi. Ndani yake kuna sanamu ya bundi anayepigwa na kuvunjwa, na kuna bundi aliyefungiwa ndani ya tundu. Pwani yetu bundi ni ndege wa mkosi, akilia juu ya paa watu husoma dua, kwa hiyo wapo walioona uchawi au mambo ya siri. Hakuna uchawi humo. Bundi ni nembo ya OVO, kampuni ya Drake. Kumvunja bundi ni kuivunja nembo ya mpinzani, kama shabiki anayechana bendera ya timu nyingine. Video ya bifu husomwa hivyo: tazama imepigwa wapi, nani wamesimama nyuma ya msanii, na ni kitu gani kinaharibiwa. Ile ya Kendrick ilipigwa nyumbani kwao Compton, umati wa watu wa kwao ukiwa nyuma yake, na ujumbe wake ulikuwa: mimi nina kwetu, wewe je?

Kambi ya watazamaji nayo ijibiwe. Namba za YouTube zinapima udadisi. Mtu hufungua wimbo wa anayechukiwa ili amcheke, na amehesabiwa. Tena tangu Machi 31, 2025, kwenye video fupi za Shorts mtazamo unahesabiwa mara video inapoanza kucheza, hata ukiipita hapo hapo. Wala pesa haziji kwa kupandisha tu: ili kupata mgao wa matangazo, chaneli inahitaji wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au mitazamo milioni 10 ya Shorts ndani ya siku 90. Dalili ya ushindi ambayo ni vigumu kuighushi ni hii: mwaka mmoja baadaye, wimbo gani unaimbwa na watu wasiojua hata ugomvi ulihusu nini? "Not Like Us" ulipata tuzo tano za Grammy Februari 2, 2025, na wiki moja baadaye uliimbwa kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani.

Je, damu?

Kambi ya watauana hutaja Tupac na Biggie, marapa wa Marekani waliokuwa mahasimu. Ni kweli wote wawili waliuawa: Tupac alifariki Septemba 13, 1996 huko Las Vegas, Biggie Machi 9, 1997 huko Los Angeles. Lakini usiku Tupac alipopigwa risasi kulikuwa kumetangulia mapigano ya mkono ndani ya kasino, yaliyohusisha watu wa magenge. Nyimbo zilichochea hasira. Magenge na bunduki vilikuwepo tayari. Kinyume chake, marapa Jay-Z na Nas walichanana mwaka 2001 kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, wakapatana jukwaani Oktoba 2005, na mwaka uliofuata Nas akajiunga na kampuni ya muziki ya Def Jam wakati Jay-Z ndiye rais wake. La kuchunguza ni waliomzunguka msanii. Mkiona wapambe wameanza kufuatana hadi majumbani, hapo muziki umekwisha.

Ukifanya hapa Kenya

Kuna uvumi kwamba ukilisema jambo ndani ya wimbo huwezi kushtakiwa. Chanzo chake ni kesi ya Drake, nayo imeeleweka vibaya. Drake hakumshtaki Kendrick. Januari 2025 aliishtaki Universal Music Group, kampuni inayosambaza muziki wao wote wawili, kwa kuutoa "Not Like Us", na Oktoba 2025 jaji wa New York akaitupa kesi kwa msingi kwamba msikilizaji wa kawaida, akisikia maneno ya wimbo huo katikati ya vita vya marapa, atayachukua kuwa maoni. Drake alikata rufaa. Huo ni uamuzi wa Marekani, na hakimu wa Malindi hafungwi nao.

Hapa, mwaka 2017 Mahakama Kuu iliondoa kosa la jinai la kashfa, kwa hiyo kosa hilo halikupeleki jela tena. Bado mtu anaweza kukudai fidia kwa kesi ya madai chini ya Sheria ya Kashfa, na ana miezi 12 kufungua kesi. Ukitajwa kwenye wimbo kuwa mwizi, pakua video siku hiyo hiyo, andika tarehe na anwani yake, ndipo umwone wakili. Ikishafutwa utabaki na maneno matupu. Kutishia kuua ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka 10. Kuchochea chuki dhidi ya kabila kunaweza kugharimu hadi shilingi milioni moja, au miaka mitatu, au vyote viwili, chini ya sheria ya uwiano ya 2008. Mijikenda, Bajuni, Mswahili, Mbara: mpinzani wako ana jina lake, kabila lake halikukukosea.

Mengi huharibika kabla ya kufika kote huko. Biti uliyoipakua ikiwa imeandikwa "ya bure" kwa kawaida ni bure kwa mazoezi au kwa wimbo usioingiza pesa. Ukitaka kuuza, nunua leseni na uihifadhi risiti. Kwenye YouTube, dai la kawaida la hakimiliki mara nyingi huiacha video hewani na kumpa mwenye biti mapato. Onyo la hakimiliki ni jambo jingine: video inaondolewa, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifuta chaneli yote. Wapinzani hulijua hilo na hulitumia kama silaha. Ukiwa na leseni, peleka pingamizi. Aliyelalamika anapewa siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amechukua hatua ya kisheria, asipofanya hivyo video inaweza kurudishwa. Kwa bifu, siku 10 ni nyingi mno, basi hakikisha biti kabla ya kurekodi.

Kwa video yenyewe, leseni ya kupiga filamu hutolewa na bodi ya filamu, KFCB. Ngome ya Lamu na magofu ya Gede yako chini ya Makavazi ya Kitaifa, ambao ruhusa yao inaombwa mapema, si asubuhi ya kupiga. Droni inahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Na katika vichochoro vya Lamu, ambako punda wawili hupishana kwa shida, mlango unaouona nyuma ya rapa wako ni mlango wa nyumba ya mtu: bisha hodi, omba, na usipige karibu na msikiti nyakati za sala. Wimbo utakuwa na adui mmoja tu, yule uliyemtungia.